Sindano Tano za Elodie

Mlango wa kasho la polisi la Mweso, chumba cha mahabusu, haufunguki mpaka uinuliwe kwanza, ndipo usukumwe, kwa sababu bawaba yake ya chini ilioza zamani na hakuna aliyejali kuitengeneza. Jumamosi hiyo asubuhi Inspekta Godelieve aliuinua mwenyewe. Polisi wa zamu alikuwa barabarani na fimbo yake, akiwazuia watu thelathini au arobaini waliodai wapewe daktari wa Goma wamalizane naye. Mmoja wao alikuwa amening'iniza tairi kuukuu begani, na huko Mweso hata mtoto wa shule ya msingi anajua tairi la namna hiyo hubebwa kwa kazi gani.

Ndani, Daktari Joséphine-Marie alikuwa ameketi juu ya kirago, mgongo wima, viatu vimepangwa pembeni. Alikuwa daktari wa ngozi, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, anayekuja Mweso mara mbili kwa mwezi. Wagonjwa wake wengi ni watu wa makovu: waliounguzwa, waliopigwa risasi, watoto ambao ngozi ya shingo imeshikana na ya kifua. Lakini hakuwafukuza wale wanawake wanaotaka tu kupunguza mikunjo ya uso. Mmoja wa hao alikuwa Elodie, mjane wa miaka thelathini na minne, muuza vitenge. Alichomwa sindano Alhamisi ya juma lililopita, na Jumatano ya juma hili akafa. Daktari alikamatwa kesho yake, aliporudi mbio kutoka Goma ili ajue kilichotokea.

Godelieve alikuwa na tabia iliyowaudhi wakubwa wake wote: aliuliza swali moja mara tatu, kwa sauti ile ile, na kuandika majibu yote matatu. Alivuta kiti, akafungua daftari.

“Daktari, ile dawa njo nini?”

“Ni sumu, Mama Inspekta. Siwezi kukudanganya. Katika sumu zote, hakuna inayoishinda hiyo kwa ukali. Inatoka kwa kidudu kidogo ambacho macho haiwezi kuona. Lakini sisi tunaipima kidogo sana. Inalegeza musuli ile moja uliyochoma, mikunjo inalala. Kisha miezi mitatu ao ine, inaisha.”

“Elodie ulimuchoma ngapi?”

“Sindano tano, hapa katikati ya nyusi. Uniti ine kila moja. Jumla ishirini.”

“Na chupa iko na ngapi?”

“Mia moja.”

“Zingine zilienda wapi?”

“Siku ile walikuwa wanawake wane. Ishirini, ishirini, ishirini, ishirini. Iliyobaki nilimwaga. Chupa nikishaichanganya na maji, kwangu hailali. Na mbele ya kumugusa Elodie nilimuuliza kama ana mimba, kama ananyonyesha, kama alishapata ugonjwa wa misuli, kama kuna dawa anakunywa. Yote niliandika. Nilimwambia asisugue uso, asilale mpaka saa ine zipite, arudi kisha majuma mbili nimuone.”

Godelieve aliandika polepole. “Muntu akipata chupa yote, mia nzima?”

“Ataumwa. Kope zinaweza kuanguka. Kufa, hapana. Ili umuue muntu mukubwa ingetaka chupa zaidi ya makumi mbili.”

“Kila muntu aliyefungwa humu ananiambia hakuua.”

“Najua,” alisema daktari.

Aliangalia mikono yake. Aliposema tena sauti yake ilikuwa imeshuka.

“Lakini kuna kitu nitakuambia hata kama kitanimaliza. Waliniambia kwa simu vile alivyokufa. Kope zilianguka. Akaona vitu viwili viwili. Kinywa kikakauka, akashindwa kumeza, sauti ikapitia puani. Homa hakuna. Akili timamu mpaka pumzi ilipokata. Hizo dalili, Mama, ni za sumu hii hii. Njo maana silali. Ningekuwa hapa, ningemupulizia pumzi kwa mikono yangu mpaka mikono ife ganzi.”

“Basi unakubali.”

“Nakubali sumu. Chupa yangu siikubali.”

“Sumu ingine ingetoka wapi, huku kwetu?”

“Kwa chakula. Kile kidudu kinapenda mahali hewa haiingie. Nyama ao samaki iliyofungwa siku nyingi ndani ya kitu, bila hewa. Pale kinatoa sumu ile ile, na mara zingine harufu haibadilike hata kidogo. Ukichemsha vizuri dakika kumi, sumu inakufa. Usipochemsha, inakuua.”

Godelieve alifunga daftari. Swali hilo la chakula lilikuwa limeshajibiwa na mtu asiyekuwa na sababu ya kumsaidia daktari. Guylain, kaka wa marehemu, ndiye aliyefungua mashitaka, ndiye pia aliyekuwa akiwaongoza wale watu wa nje. Asubuhi hiyo alimwambia Inspekta kwamba Elodie alikwenda kwa wazazi Jumamosi iliyopita, wakala huko watu kumi na watatu, chungu kimoja, nyama moja, na hakuna aliyeumwa hata tumbo.

Godelieve alimweleza daktari hivyo hivyo. Joséphine-Marie aliinamisha kichwa.

“Basi sijui,” alisema.

*

Sanduku la daktari lilikuwa limehifadhiwa kwenye ofisi ya kamanda. Godelieve alilifungua na kulikagua kipande kwa kipande, kwa sababu hakumwamini mtu kwa kuwa tu anaongea vizuri. Kila chupa tupu ilikuwa imefungwa kwa plasta kwenye ukurasa wa rejista wa siku yake. Namba ya chupa ya Alhamisi ile ilifanana na namba iliyoandikwa mbele ya majina manne. Tarehe ya mwisho ilikuwa bado mwaka mzima. Baridi ya kibebeo cha barafu ilikuwa imepimwa mara tatu na kuandikwa mara tatu, jambo lililomfanya Inspekta ampende kidogo yule mwanamke.

Kitu kimoja tu kilimsimamisha. Kwenye mstari wa mwisho wa siku ile, namba ishirini ilikuwa imeandikwa juu ya nyingine iliyokatwa. Chini ya mkato wa kalamu alisoma: thelathini na mbili. Mtu anayefuta namba kwenye rejista ya sumu ana jambo la kueleza. Jina la mstari huo lilikuwa Kétsia, mke wa mwenye duka la kona ya soko, watu wa Butembo waliohamia Mweso na malori yao mawili.

Kétsia alikuwa nyuma ya meza ya duka, kati ya sabuni na betri, chini ya picha ya Bikira Maria. Aliposikia jina la Elodie macho yake yalijaa machozi, lakini paji lake la uso halikusogea hata nukta moja, na Godelieve alijikuta akilikodolea macho.

“Usishangae, Mama Inspekta,” Kétsia alisema, akijifuta kwa ncha ya kitenge. “Njo vile iko sasa. Batoto nikibagombeza banacheka, banasema mama hajakasirika. Hata kilio banafikiri nalia uongo.”

“Unaumwa?”

“Hata kidogo. Nakula, nalala, napiga kelele. Na bale bawili bengine pia bako muzima, mumoja alipita hapa jana. Chupa ilikuwa moja, niliiona na macho yangu. Kila muntu na sindano yake mupya.”

“Kwa jina lako namba ilikatwa.”

Kétsia aliona haya. “Ile ni miye. Nilimusumbua aniongeze na hapa pembeni ya macho, akaanza kuandika. Kisha akaniuliza dawa ninazokunywa, nikamuambia za maumivu, akakata. Akasema leo inatosha, turudi siku ingine tukiona vile mwili unaipokea. Nilikasirika. Wakati ule nilikuwa bado naweza kuonyesha nimekasirika.”

Kwa siku nyingine Godelieve angecheka. Aliuliza swali ambalo hakulipangia.

“Elodie, juu ya nini alitaka ile sindano? Mujane, vita kila upande, na yeye anatafuta uso muzuri?”

“Haikuwa uso muzuri,” Kétsia alisema. “Tangu bwana yake auawe kule Bihambwe, uso ulijikunja hapa katikati, ukabaki vile. Hata akiwa anacheka ungesema analia. Na mama yake hajamuona miaka mbili, barabara ilikuwa imefungwa. Akaniambia: mama akiniona hivi ataanza kuniuliza, na nikianza kumujibu sitamaliza. Daktari alimuambia sindano inaanza kuonekana kisha siku kadhaa, hata juma. Hakuweza kungoja. Barabara ilifunguka Jumamosi, akaenda Jumamosi.”

Godelieve alirudi kituoni kwa mguu, akipita katikati ya kundi. Chupa ilikuwa halali, kipimo kilikuwa sawa, wanawake watatu walikuwa wazima. Kila alichokagua kilimsafisha daktari, isipokuwa jambo moja: hakuwa na kingine cha kuweka mahali pake, na wale watu wa tairi wasingengoja amalize kufikiri. Alimkuta Guylain akiwa amesimama mbele yao, kijana mrefu, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

“Kesho alfajiri utanipeleka kwenu,” alimwambia.

“Miye nangojea haki hapa hapa, Mama.”

“Haki iko na maswali ya kuuliza mama yako. Ao nimuulize muntu mwingine njia?”

Guylain alikubali, kwa kuwa mbele ya watu hakuweza kukataa. Godelieve naye alijua vizuri kwamba kundi lisilo na mwenye uchungu wake hurudi nyumbani kula.

*

Jumapili walipanda pikipiki mbili, kila moja na dereva wake. Wakaacha nyuma malisho na ng'ombe wa Masisi, wakapita Kalembe na barieri zake za askari barabarani, wakaingia upande wa Walikale, mahali msitu unapokaribia barabara pande zote na nguo hazikauki. Guylain alikuwa mbele akionyesha njia. Walifika kwenye saa nne asubuhi.

Matanga yalikuwa bado yanaendelea. Watu walikuwa wamekaa chini ya turubai mbele ya nyumba ya ubao, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, na kaburi jipya nyuma ya migomba. Kando ya mlango, juu ya kigoda kifupi, alikaa Papa Athanase, baba wa marehemu, mwindaji ambaye miaka arobaini alikuwa akitia mguu msituni kabla ndege hawajaamka. Godelieve alimpa mkono. Mzee aliinua kichwa nyuma sana ili amwone, akajibu kitu kwa sauti ya puani isiyoeleweka. Amelia mpaka ameisha, Godelieve aliwaza, akapita.

Mama Sidonie alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi.

“Pole sana, Mama. Pole ya mutoto haiko na kipimo.”

“Aksanti, mwanangu. Karibu.”

“Nimekuja kukuuliza kitu kidogo. Siku Elodie alifika hapa, alikula nini?”

“Kile tulikula wote. Bugali na nyama ya nguruwe ya pori.”

Godelieve aliandika. Walizungumza habari za barabara, za mvua. Akauliza tena. “Elodie alikula nini, Mama?”

“Nilikuambia. Nyama ya nguruwe ya pori na bugali. Tulikuwa bantu kumi na tatu.”

“Ilipikwa?”

“Ilitokota tangu muchana mpaka jioni. Meno yetu siye bazee iko wapi?”

Hapo askari mwingine angefunga daftari. Godelieve alingoja, akauliza mara ya tatu, sauti ile ile. “Siku ile nzima, Mama, Elodie alikula nini?”

Mama Sidonie alimtazama kwa uchovu. “Bugali na nyama. Mbele ya pale alionja ile ya bidoni, lakini kuonja haiko kula.”

Kalamu ilisimama. “Bidoni gani?”

Mama Sidonie alieleza pole pole, kama jambo ambalo kila mtu mwenye akili analijua. Katika nyumba hii, binti akiolewa mbali, baba yake hamnyimi fungu lake la windo. Nyama inakaushwa kwa moshi, inakatwa, inatiwa ndani ya bidoni, dumu la plastiki la mdomo mpana, inamwagiwa mawese mpaka juu, kifuniko kinafungwa na kupakwa nta ya nyuki. Inamngoja. Siku akifika anaifungua mwenyewe, anaonja kipande cha kwanza vile vile kilivyo, hakijarudi motoni, ili ajue ni mkono wa baba uliomwekea na si chungu cha watu wote. Ndipo sehemu ya nyingine inapikwa, wanakula wote, na inayobaki ni yake. Zamani haikukaa zaidi ya majuma mawili, mabinti walikuwa wakija mara kwa mara. Hii ilikaa miezi mitatu, tangu waliposikia barabara inakaribia kufunguliwa.

“Aliipenda?” Godelieve aliuliza. Hakujua kwa nini anauliza hilo.

“Alilamba vidole. Alikula vipande tatu. Nikamuambia acha nafasi ya bugali.”

“Nani mwingine alionja ile isiyopikwa?”

“Hakuna. Baba njo anafuatia binti. Lakini Athanase alitaka kuonja naye tena, akafunga kipande yake ndani ya jani, akasema nitakula siku atarudi.” Mama Sidonie alielekeza kidevu kwenye kigoda. “Walipomuleta Alhamisi ndani ya sanduku, akafungua lile jani akakula. Tangu pale hajakula kitu kingine. Hata uji anakataa. Kilio kimemuvunja.”

Godelieve alisimama. Alikwenda mpaka kwenye kigoda, akachuchumaa mbele ya yule mzee, na safari hii alimtazama kwa macho ya kazi. Kope zilikuwa zimeshuka mpaka nusu ya jicho, na hazikuwa na chozi. Midomo ilikuwa imekauka mpaka ikapasuka. Kando ya kigoda kulikuwa na kikombe cha uji, na uji ulikuwa umemtiririka kidevuni. Hakukataa uji, alishindwa kuumeza.

Aliinua kidole kimoja mbele ya uso wake.

“Papa, unaona vidole ngapi?”

Athanase alirudisha kichwa nyuma, akajitahidi. “Mbili,” alisema kwa pua.

Godelieve aliinuka. Aligeuka. “Ile bidoni iko wapi?”

Hakuhitaji kujibiwa. Upande wa wanaume shangazi mmoja alikuwa ameshaitoa nje, amepanga majani sita ya migomba juu ya benchi, na anatia kipande kimoja kimoja, chekundu kwa mawese. Ndugu sita wa marehemu wangeonja leo ili kumuaga: fungu la binti aliyekufa hugawanywa kama lilivyo kati ya wale walionyonya ziwa moja naye. Guylain, kwa kuwa alikuwa ametoka safari, alikuwa amepewa la kwanza. Alikuwa nalo vidoleni.

“Guylain, weka chini.”

“Ni ya kumuaga dada yangu.”

“Najua. Weka chini. Wote wekeni.”

Alikwenda kati yao, akafunika bidoni kwa kiganja, mawese yakamchafua mpaka kifundo cha mkono. Watu walisimama. Guylain alikuwa bado ameshika kile kipande, na uso wake ulikuwa umebadilika.

“Nakuelewa sasa,” alisema. “Ulikuja kumutoa ule daktari. Umekosa wa kumufunga, unampakazia mama yangu. Tulikula hii nyama bantu kumi na tatu. Nani aliumwa?”

“Ile mulikula ilitokota. Moto uliua sumu. Elodie alikula isiyotokota.”

“Maneno.”

“Basi usiniamini miye. Angalia baba yako. Yeye daktari hakumuchoma sindano hata moja. Angalia macho yake, kisha uniambie ulishayaona wapi.”

Guylain aliangalia. Yeye ndiye aliyekaa kando ya kitanda cha dada yake kule hospitalini, Jumatatu, Jumanne, mpaka Jumatano, akimfungulia kope kwa vidole ili dada aweze kumwona. Aliangalia kwa muda mrefu. Kisha kile kipande kilimdondoka, akaenda kupiga magoti mbele ya kigoda, na kwa kidole gumba akainua kope la baba yake taratibu.

“Baba,” alisema. “Baba, tangu lini?”

Hakuna aliyelia pale. Kuna wakati kilio chenyewe hukosa njia ya kutokea. Godelieve aliagiza bidoni ifungwe na ipakiwe kwenye pikipiki pamoja na mabaki yote, yasibaki hata majani ya kulambwa na mbwa. Akawaita madereva. Ndipo alipomwona Mama Sidonie amesimama nyuma yake.

“Nimesikia,” alisema yule mama.

“Mama, hakuna aliyejua. Hata miye jana sikujua.”

“Ule daktari bado amefungwa?”

“Bado.”

“Anafungwa juu ya mutoto wangu?”

“Njo vile.”

Mama Sidonie aliketi tena kwenye mkeka, akanyoosha miguu. “Toa karatasi yako. Andika Athanase aliwinda, Sidonie alikausha, Sidonie alikata, Sidonie alifunga na nta. Usiandike mambo ya hakuna aliyejua. Andika kama ilivyofanyika, ule mama arudi kwa batoto yake.”

Godelieve aliandika. Katika miaka ishirini na mmoja ya kazi alikuwa amepokea maungamo ya wezi, ya wauaji, ya askari waliofanya mambo ambayo hakuyasimulia hata kanisani, na hakuna lililomuuma kama hili la mtu asiye na kosa. Alimsomea. Mama alitia kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza chini ya jina lake.

“Kuna kitu kingine,” alisema, akitazama kidole chake cheusi. “Siku alikuja, uso wake uliniuma. Ulikuwa umejikunja, hapa. Nikamuuliza, akaniambia nimechoka tu, mama. Lakini Alhamisi nilipomuosha, uso ulikuwa laini. Laini kabisa, kama vile akiwa musichana. Nikasema, walau aliondoka na amani. Njo kitu kimoja kilinituliza. Ilikuwa amani, ao?”

Godelieve alijua ilikuwa nini. Zilikuwa sindano tano, uniti nne kila moja, zilizofikia siku yake kama daktari alivyosema, sawasawa na bila kosa lolote.

“Ilikuwa amani, Mama,” alisema, na hilo hakuliandika.

*

Walimfunga Athanase kwa kitenge kati ya dereva na Guylain, kichwa kimeegemea bega la mwanawe. Mama Sidonie alipanda nyuma ya Godelieve. Walifika Mweso jua likiwa bado juu ya vilima. Mbele ya kituo walibaki watu saba tu, na yule wa tairi alikuwa amelikalia. Guylain aliwapita bila kuwasalimu. Inspekta alimwacha aende peke yake mpaka mlangoni, akauinua mlango, akausukuma.

Daktari alisimama haraka, mgongo ukutani.

“Baba yangu anashindwa kumeza,” Guylain alisema. Aliushika mlango usijifunge.

“Tangu lini?” daktari aliuliza. Alikuwa ameshaanza kuvaa viatu.

Hospitalini hakukuwa na mashine ya kupumulia ya bure wala ya kulipia. Saa moja jioni pumzi za mzee zilikuwa zimekuwa fupi na za juu juu. Joséphine-Marie na muuguzi walimtia mpira kooni, wakaunganisha na kile kifuko cha kuminya kwa mkono. Daktari aliwapa maelezo bila kuwapamba. Dawa ya kuipinga sumu ile ipo, lakini iko mbali, alikuwa ameshapiga simu Goma na Kigali, hakuna aliyemwahidi. Sumu iliyokwisha kuingia huachia polepole, huenda juma, huenda majuma sita. Mpaka hapo kifua hakitajiinua chenyewe. Akili yake yote ilikuwa humo ndani, akisikia kila neno, kwa hiyo waseme naye.

“Minya, hesabu mpaka tano, minya,” alisema. “Ukichoka, mwite mwingine mbele ya kuacha.”

Jumatatu mchana Godelieve alikuja kumletea daktari karatasi yake ya kuachiwa. Alimkuta amelala kwenye benchi la korido, viatu miguuni, na hakumwamsha. Chumbani, Guylain alikuwa ameegemea ukuta, amekunja vidole vyake vilivyovimba. Mama Sidonie alikuwa amekaa kando ya kitanda. Kitambaa cheusi kilikuwa kimemtoka kichwani, na mikono yake miwili, ambayo kidole gumba kimoja bado kilikuwa na wino, ilikuwa kwenye kifuko. Aliminya, akahesabu kwa midomo, akaminya. Kifua cha mumewe kilipanda, kikashuka.

“Ameshika tangu alfajiri,” Guylain alimnong'oneza Inspekta. “Anakataa kuniachia.”

Godelieve alikwenda akamwekea mkono begani. “Mama, pumzika kidogo. Miye nitashika. Nionyeshe tu.”

Mama Sidonie hakugeuka.

“Hapana, mwanangu,” alisema. “Elodie alishaenda. Huyu bado.”